Mguu wa Tatu na wa Sita

Salamu za asubuhi kule Ikuvila zilikuwa zinaanza saa moja kamili, jua likiwa bado linahangaika na ukungu. Kila mtu anakaa karibu na kisanduku chake cha sauti, mikono kwenye kikombe, anasubiri kusikia jina lake. Nyumba sitini na moja, na kutoka moja mpaka nyingine unaweza kutembea nusu saa nzima usikutane na mtu, labda ng'ombe. Vijana walishateremka zamani, wako huko chini kwenye joto na kazi. Huku juu walibaki wazee, viazi na baridi. Na Sekela.

Sekela alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa Ikuvila hiyo ni kama mtoto mchanga. Alipanda na mumewe kulinda mnara wa mawasiliano. Mume akateremka kung'oa jino, huko chini akapata kazi, akapata na mtu wa kumpikia, basi, jino likachukua miaka sita. Sekela akabaki na mnara, na meza ya kazi, na hizo salamu. Siku nyingine sauti yake mwenyewe alikuwa anaisikia mara moja tu, hapo saa moja asubuhi, akisema nipo, nimeamka salama.

"Bibi Tumpe, umeamkaje?" Mzee Ngajilo alikuwa anauliza. Wiki ile zamu ilikuwa yake, na mwenye zamu ndiye anayeita majina.

"Nimeamka. Baridi imeng'ata viazi, mimi bado inanionea haya."

"Itakuonea haya mpaka lini? Mimi imeshanizoea, inalala kitandani kwangu kama mke."

Watu wakacheka, vicheko vya wazee, nusu yake kikohozi. Majina yakaendelea. Halafu ikaingia sauti nyingine, ya chini, ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na hakika nayo.

"Na mimi nimeamka. Ambilikile. Nawasalimu wote."

Kimya. Hakuna aliyemkatiza, hakuna aliyemtukana. Walisubiri tu apite, kama unavyosubiri upepo upite ndipo uendelee na maneno yako. Ngajilo akakohoa, akaita jina linalofuata.

Zilikuwa wiki tatu sasa wanamfanyia hivyo, na sababu yake ni hii. Kila nyumba ilikuwa na blanketi la umeme. Linapasha joto, na ndani yake kuna uzi unaosikiliza pumzi. Pumzi ikikatika kwa hesabu ya thelathini, blanketi linaita. Linaita wapi? Linaita kwenye sikio, na sikio ni sanduku lenye kengele, linakaa kwa mwenye zamu wiki nzima. Kengele ikilia, sikio linaonyesha ni nyumba gani, na mwenye zamu anawapigia majirani wa karibu wakimbie. Sasa Mzee Asukile, ndugu yake Bibi Tumpe wa tumbo moja, alikufa blanketi likiwa juu yake. Alikutwa siku ya tatu, maana hakuwa na mazoea ya kuitika salamu. Na wiki ile sikio lilikuwa kwa Ambilikile.

Ambilikile alisema kengele haikulia. Watu wakasema kengele ililia, yeye alilala.

*

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, Bibi Tumpe alifika kwa Sekela na blanketi la marehemu likiwa limekunjwa begani. Alikuwa mwanamke mfupi, kifua kibovu, anapumua kama anapuliza moto.

"Shikamoo, mama. Mbona hukuniita nije kulichukua?"

"Marahaba, mwanangu. Nikuite ili nikae nalo siku nyingine? Litengeneze apewe mwingine. Upande wa miguu limekatika waya, alikuwa anapenda kulikanyaga." Akaliweka mezani, akalipapasa kidogo, akaondoa mkono. "Yule mzee alijua Asukile ana ugonjwa wa moyo. Alijua."

Sekela akainuka. Alimpa chai, wakainywa, bibi akaondoka.

Sasa inabidi tueleze kazi ya Sekela, maana bila hiyo mambo hayaeleweki. Huko mjini kuna mashine inaitwa Mchoraji. Ukiiambia nataka kitu cha kufanya hivi na hivi, inachora saketi yenyewe, inachapa bodi yenyewe, inapanga vipuri, inakuletea kitu kimekamilika. Mtu hashiki tena waya. Lakini Mchoraji ana ujinga wake mmoja, hajui kipuri ambacho hakimo kwenye maktaba yake. Uwe nacho mkononi, ukiangalie kwa macho yako, kwake yeye hakipo duniani. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kumtambulisha. Sekela ndiye alikuwa mtu huyo. Anachukua kipuri cha zamani, anakipima, halafu anachora. Anachora alama yake, yaani sanduku lenye majina ya miguu. Anachora nyayo zake, yaani kila mguu utakanyaga wapi kwenye bodi. Anaandika mguu namba fulani kazi yake ni fulani. Mwisho anaweka jina lake. Alishatambulisha vipuri zaidi ya mia tatu hivyo, peke yake, hapo dirishani.

Kipuri cha blanketi kilikuwa aisii, kile kidude cheusi chenye miguu kama mende. Yalipatikana magunia mawili ya vidude hivyo kwenye stoo ya kiwanda cha pareto kilichokufa, karatasi zake panya walishakula. Mgongo wake ulikuwa umemwagiwa gundi nyeusi, imevimba, huoni kitu. Namba na nukta ya kuanzia kuhesabu vilikuwa tumboni. Basi Sekela alifanya kama mafundi wa huku wanavyofanya. Alikata kiazi kibichi, akakikausha kwa kitambaa, akakididimiza kidude chali kwenye kiazi, miguu juu. Kikatulia. Akapima.

Miguu ya aisii inahesabiwa kutoka kwenye nukta, unashuka upande wa kushoto, unavuka, unapanda upande wa kulia, ukiwa unakiangalia kwa juu, mgongoni. Sekela alikuwa anaangalia tumboni. Mchoraji alimuuliza, unaangalia kutoka juu? Akabonyeza ndiyo. Alishabonyeza ndiyo mara mia tatu, kidole kilikwenda chenyewe.

Aligundua siku hiyo ya Jumatatu, akiwa hata hatafuti. Alifungua blanketi la Asukile aunge waya, bodi ikawa wazi mbele yake, kidude kimesimama kwa miguu yake kama kinavyotakiwa. Akaangalia uzi wa pumzi unaingia mguu gani. Akahesabu. Akahesabu tena kwa kidole. Akaenda jikoni, akakata kiazi, akachukua kidude kingine akakilaza chali, akakiweka pembeni ya bodi. Akakaa anaviangalia hivyo viwili mpaka chai ikaota ngozi.

Miguu ilikuwa minane. Ukiigeuza kama kwenye kioo, wa kwanza unakuwa wa nane, wa pili unakuwa wa saba, wa tatu unakuwa wa sita, wa nne unakuwa wa tano. Wa kwanza na wa nane wote wanaleta umeme. Wa pili na wa saba wote wanapasha joto. Wa nne na wa tano wote wanarudisha umeme. Hao ni mapacha, ukiwabadilisha hawajali, ndiyo maana mablanketi yalikuwa ya moto kabisa na taa inawaka. Walio tofauti ni wa tatu na wa sita. Wa tatu anasikiliza. Wa sita anaita. Mablanketi yote sitini na moja, pumzi ya mtu ilikuwa imepelekwa kwenye mguu wa kuita, ambao hausikii, na uzi wa kengele umefungwa kwenye mguu wa kusikiliza, ambao hausemi.

Na mashine iliyoyapima? Nayo ilijengwa na Mchoraji kwa mchoro ule ule. Mmoja alikosea, mwingine akanakili, halafu wakasahihishana.

Kengele haikulia. Mzee yule alikuwa anasema kweli.

Sekela alifikiri kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote angefikiri, kwamba aurekebishe mchoro. Lakini Hifadhi ya Michoro huko mjini ina sheria yake. Kila kifaa kinaiuliza Hifadhi kila saa, je, michoro yangu bado ni mizima? Ukibadilisha mguu mmoja tu, mchoro umefutwa, na kila kifaa chenye kipuri hicho kinazima kikiuliza tu tena, popote kilipo. Sheria ilitungwa baada ya mabasi kuungua na watu, haikutungwa na wajinga. Lakini ulikuwa mwezi wa saba. Asubuhi ndoo ya maji ilikuwa na barafu ya kugonga kwa nyundo. Wazee sitini wakizimiwa mablanketi mwezi wa saba, wengine hawafiki wa nane.

Akawaza njia ya pili. Apite nyumba kwa nyumba, aseme anakagua nyaya. Akate nyuzi mbili, azibadilishe nafasi, alehemu, dakika ishirini. Mchoro hauguswi, Hifadhi haijui, wazee hawajui. Nyumba tatu kwa siku, siku ishirini, kila mtu salama.

Kila mtu, ukimtoa mmoja.

*

Mchana huo huo alianza. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Ngajilo.

"Unakagua nini tena?" mzee akauliza. "Au umesikia nina hela nimeficha humo?"

"Nabadilisha waya, babu. Ulikuwa umekaa vibaya."

"Waya umekaa vibaya, mimi mwenyewe nimekaa vibaya, hakuna aliyekuja kunibadilisha." Akamwekea kiti karibu na moto, akamchomea kiazi, akamsimulia habari za mbuzi wake mmoja mpaka Sekela akajikuta anatabasamu. Akajiona anatabasamu, akainama kwenye kazi.

Alimaliza nyumba tatu siku hiyo. Jumanne njia yake ilipita kwa Mzee Ambilikile.

Akamkuta anafunga mizigo. Godoro limekunjwa, masufuria yamewekwa ndani ya masufuria.

"Shikamoo, tata," akasema Sekela, yaani baba kwa lugha ya huku.

"Marahaba. Umekuja kuniaga au kunicheka?"

"Nimekuja kuangalia blanketi. Unakwenda wapi?"

"Lichukue kabisa. Kesho kutwa gari la viazi linapanda, nateremka nalo. Mjukuu wangu anasema huko wanalala madirisha wazi." Alikuwa mrefu, na alikuwa anaongea haraka, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kuongea naye. "Keti basi. Hakuna kiti, keti kwenye gunia. Unajua nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa? Siku zote saba. Mchana nalala, usiku nakaa. Nilishika kopo lenye kokoto, mkono juu, ili nikisinzia lianguke liniamshe. Halikuanguka hata mara moja. Niliwaambia."

"Najua uliwaambia."

"Lakini watu wakikunyamazia wiki tatu, mwanangu, unaanza kuliuliza kopo lenyewe." Akacheka peke yake. "Sasa hivi nimekubali. Nadhani nililala. Nimefikiri sana, mpaka nimekumbuka na ndoto niliyokuwa naota. Nilikuwa kwetu Busokelo, nachuma chai na mama. Umeona? Mtu haoti macho wazi."

Sekela akashika blanketi, akaaga, akatoka. Akateremka mpaka kwenye kijito. Maji yalikuwa yamepungua, jiwe la kuvukia lina ukoga. Aliweka mguu mmoja kwenye jiwe, akausahau hapo. Yule mzee alikuwa amejitafutia ndoto ili maneno ya watu yapate pa kukaa.

Akarudi. Alimkuta amekaa palepale, kamba mkononi.

"Tata, hukulala. Ni mimi."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akarudia, akachukua maharage manane akayapanga kwenye ubao wa sanduku, akayageuza. Mzee alikuwa anaangalia yale maharage.

"Kwa hiyo kengele haikulia."

"Haikulia. Haikuweza kulia."

"Hata ningekuwa macho."

"Ulikuwa macho, tata."

Ambilikile aligeukia ukuta. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Umeshatengeneza nyumba ngapi?"

"Tatu."

"Endelea. Usiseme."

"Tata..."

"Nisikilize mimi, leo ni zamu yangu ya kusikilizwa. Utalisema wapi? Kwenye salamu. Na salamu zinapita kwenye waya wa Hifadhi, na mashine yao inasikiliza kila neno la kifaa kibovu. Hujamaliza sentensi, mablanketi yamezima. Tumpe na kifua kile hafiki Jumapili. Utakuwa umenisafisha kwa maiti nyingine. Mimi nateremka kesho kutwa. Huko chini nani anajua Ambilikile alilala au alikesha?"

"Wewe unajua."

"Sasa najua. Inanitosha."

Lakini alivyolisema, hata yeye hakuliamini, na wote wawili walilisikia.

Sekela alirudi nyumbani bila kupita nyumba nyingine. Alikaa mbele ya meza, akajiambia nitamaliza nyumba zote, siku ishirini, halafu nitasema. Lilikuwa wazo zuri na lilimpa raha kama dakika tano. Halafu akajiuliza, siku ya ishirini na moja, kila blanketi zima, mzee ameshateremka, Ngajilo anamchomea kiazi, nani atafungua mdomo? Alijijua. Na katika siku hizo ishirini, mtu akikata pumzi nyumba ambayo hajafika, sikio litakuwa kwa nani? Kwa Ngajilo. Naye ataanza kukumbuka ndoto.

*

Jumatano, kabla Ngajilo hajaita jina la kwanza, Sekela alibonyeza kisanduku.

"Naomba nianze mimi leo. Kabla hamjanisikiliza, nina jambo la kuni. Saa mbili mablanketi yote yatazima. Wenye jiko la kuni mko kumi na nne, nina majina hapa. Waiteni majirani zenu, walale kwenu mpaka niwafikie. Aliyeko mbali mwenye miguu mibovu aseme sasa, nitamfuata mimi na toroli."

"Yazime kwa nini?" mtu mmoja akauliza.

Akawaambia. Safari hii alieleza vizuri, alikuwa amejifunza kwa yale maharage. Alisema kiazi, alisema nukta ya tumboni, alisema kidole chake kilibonyeza ndiyo. Alisema hakuna blanketi hata moja lililokuwa na uwezo wa kuita, tangu siku ya kwanza, miezi minane. Alisema juzi alianza kuyatengeneza kwa siri na akadanganya watu watatu. Alisema Mzee Ambilikile alikesha siku saba na kopo mkononi kwa ajili ya kengele iliyokuwa imekufa kabla hajaipokea.

Akaachia kitufe. Akasubiri.

Kile kimya alikijua, alikuwa amekisikia wiki tatu kikimwangukia mwingine. Akiwa ndani yake kilikuwa kirefu zaidi.

"Sekela." Ilikuwa sauti ya Bibi Tumpe. "Lile blanketi lingeita, ndugu yangu angepona?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui. Labda. Wa karibu yake wangefika kwa robo saa."

Kisanduku cha Tumpe kikafungwa, kikatoa ule mlio mdogo wa kufungwa. Kikafuata kingine. Kikafuata kingine.

Ngajilo akakohoa. "Mimi nina neno moja tu. Hili sikio liko kwangu mpaka Jumapili. Nalipeleka kwa Ambilikile leo hii, aone mwenyewe lilivyo likiwa linafanya kazi. Wiki ile tulimkesheza bure." Akakohoa tena. "Halafu Sekela. Ile siku nilikuchomea kiazi."

"Ndiyo, babu."

"Ungeniambia ile siku."

Naye akafunga.

Saa mbili taa ya blanketi la Sekela mwenyewe ilizima. Kwenye meza ukaja ujumbe wa Hifadhi, mstari mmoja. Mchoro umefutwa, aliyeuchora ameondolewa, michoro yake mingine itapitiwa upya na watu wengine. Aliusoma mara moja, akafunga pasi ya kulehemu kwenye kitambaa, akaweka betri kwenye mkoba, akatoka. Alianza kwa wenye miguu mibovu. Wawili walikubali toroli. Wa tatu alisema atatembea mwenyewe, akatembea mwenyewe, na Sekela akitembea nyuma yake hatua ishirini kwa saa nzima asije akaanguka, na hakuanguka, na hakugeuka.

*

Bibi Tumpe alikataa kwenda kwa jirani. Mchana Sekela alimkuta kitandani na makoti mawili, moto mdogo, pumzi inakwaruza. Alimwonyesha blanketi kwa kidevu, likiwa sakafuni.

Sekela alikaa mlangoni penye mwanga. Akafungua, akakata uzi wa pumzi na uzi wa kengele, akazibadilisha nafasi, akalehemu. Halafu akakata na waya wa tatu, ule wa kuiuliza Hifadhi, bila hivyo lisingewaka kamwe.

"Hapo umekata nini?"

"Waya wa kuulizia. Kuanzia leo blanketi hili halimo kwenye kitabu chochote, mama. Likikosea, wa kulaumiwa ni mimi peke yangu."

"Na lilipokuwa kwenye kitabu, alilaumiwa nani?"

Sekela akaendelea kufunga nyuzi.

Blanketi likawaka. Joto likaja. Tumpe aliweka kiganja juu yake akakiacha hapo.

"La joto nililijua tangu mwanzo," akasema. "Nitajuaje kama linaita?"

"Inabidi mtu alale chini yake abane pumzi. Nitalala mimi."

Sasa kule juu hakuna mtu mzima anayelala akajifanya hapumui. Hata watoto, enzi zile walipokuwepo, wakicheza hivyo walikuwa wanachapwa. Unamwonyesha kifo mlango, wanasema. Ndiyo maana miezi minane, watu sitini, hakuna hata mmoja aliyewahi kubana pumzi kwa utani tu akaona itakuwaje. Sekela naye mwanzoni alilipima blanketi kwa mfuko wa maji ya moto badala ya mtu, mezani kwake, na ile mashine ya kupimia ikamjibu liko sawa.

"Toka hapo," Tumpe akasema. "Wewe ndiye uliyelifunga, litakutii. Nataka kuona kama litaniita mimi."

"Mama, kifua chako..."

"Kifua ni changu."

Akajilaza chali, akavuta blanketi mpaka kidevuni. Akafumba macho. Akavuta pumzi, ikakwaruza, akaifungia ndani.

Sekela akahesabu kimoyomoyo. Kumi. Uso wa bibi ulikuwa mtulivu, na hapo ndipo alipofanana na ndugu yake kuliko siku zote. Kumi na tano. Mishipa ya shingo ikatoka. Ishirini. Mkono uliokuwa juu ya blanketi ukakunja ngumi. Sekela alitaka kumwambia aache, akajizuia, maana akimgusa blanketi litasikia. Ishirini na tano. Midomo ikabadilika rangi. Machozi yakatoka kwenye kope zilizofumbwa yakateremka masikioni. Ishirini na tisa.

Thelathini.

Hakuna kitu. Moto ulipasuka kidogo jikoni. Thelathini na moja.

Halafu kisanduku cha ukutani kikafunguka chenyewe, na nyuma ya sauti, kule mbali, kengele ilikuwa inalia kama wazimu.

"Tumpe. Tumpe, nakusikia. Ni Ambilikile. Usife, nakuja, natafuta viatu, vimefungwa kwenye mzigo. Nawapigia wa bondeni. Tumpe?"

Bibi aliachia pumzi akakohoa mpaka akakaa. Alikohoa muda mrefu. Sekela alimsogezea maji, hakuyachukua.

"Sijafa," akasema mwisho. "Acha viatu."

"Umeumwa?"

"Nilikuwa najaribu." Akafuta uso kwa koti. "Kengele imelia?"

"Inalia bado. Sijui inazimwaje, Ngajilo hakunionyesha."

"Hivyo ndivyo inavyolia?"

"Hivyo. Ni kubwa. Mtu hawezi kulala nayo, Tumpe. Hata angetaka."

Wote wawili wakaisikiliza, yeye kule, bibi huku. Halafu ikakatika, mzee alikuwa amepata pa kubonyeza.

"Ambilikile," Tumpe akasema. "Umekula leo?"

"Bado. Sufuria ziko kwenye mzigo."

"Basi fungua mzigo, mtu hakai na njaa na masufuria anayo. Kesho gari likija waambie hujamaliza kufunga."

"Niwaambie hivyo?"

"Waambie hivyo."

"Uko na nani hapo? Nasikia mtu anakusanya vyuma."

Bibi aligeuza kichwa akamwangalia Sekela, aliyekuwa amepiga magoti anarudisha pasi kwenye kitambaa.

"Fundi," akasema.

Sekela alifunga mkoba. Nyumba zilikuwa zimebaki hamsini na tisa, pamoja na zile tatu za mwanzo zilizokuwa bado na waya wa kuulizia, na ya karibu ilikuwa ng'ambo ya kilima. Aliaga, na bibi akainua mkono kidogo bila kugeuka, alikuwa anamweleza mzee jinsi ya kupika viazi vilivyong'atwa na baridi visiwe vitamu sana. Sekela akatoka akauvuta mlango taratibu nyuma yake, joto lisitoke. Huku nje ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka njiani. Alisimama kidogo akiwasikiliza wanavyoongea, halafu akapandisha kola ya koti akashika njia ya kilimani.